Farasi 85 wa Starlet yangu walitorokea wapi

Kama ulishawahi kupanda mlima Kitonga, ule wa njia ya Dar kwenda Iringa, na gari ndogo iliyojaa watu basi unajua naongelea nini. Unatoka Ruaha Mbuyuni stori zinaendelea, mibuyu kulia mibuyu kushoto, barabara imenyooka, unajiona dereva, afu mlima unaanza na mbele yako kuna lori la Zambia linatambaa na nyuma yako kuna IST inakuwashia taa. Unakanyaga mafuta mpaka chini. Kelele inaongezeka, spidi haiongezeki. Unashusha gia ya pili, bado. Mimi nilifika mpaka gia ya kwanza, ishirini kwa saa, sindano ya tempricha sitaki hata kuiangalia, na kwenye siti ya nyuma shemeji yangu, mdogo wake wife, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Shem, tushuke tusukume?"

Watoto walicheka mpaka Ilula. Hiyo ndo siku niliyoamua hii gari lazima iwe na nguvu.

Kwa asiyeijua, yangu ni Starlet EP91, namba B, gia za mkono, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1995 na kukoma 1999 Vitz ilipokuja kuchukua nafasi yake. Huku kwetu ni gari ya kuanzia maisha, watu kibao wamejifunzia udereva humo, na spea zake mpaka leo unazipata bila kusumbuka. Injini ni 4E-FE, cc 1331, valvu 16, na ikiwa mpya ilikuwa na farasi 85, farasi ndo kipimo cha nguvu ya injini. Bodi ina kilo mia nane na ushee, kwa hiyo gawanya mwenyewe, kila farasi anabeba kama kilo kumi, sio mbaya hata kidogo, kuna magari makubwa yenye majina makubwa hayafiki hapo. Ndo maana Wajapani walipoifunga turbo, ile mashine inayosukuma hewa ndani ya injini, wakaiita Glanza V, farasi 135 kwenye bodi hiyo hiyo, vijana wakachanganyikiwa na hawajapona.

Sasa mimi nilikuwa najua hizo namba zote, nimezisoma usiku na mchana, ila kuna swali moja sikuwahi kujiuliza. Farasi 85 ni wa siku inatoka kiwandani. Gari ina miaka zaidi ya ishirini, imepita kwa wamiliki sijui sita sijui saba, kila mmoja na fundi wake, kila fundi na mambo yake. Wamebaki wangapi?

Sikujiuliza. Nikaenda kuongeza.

Nikaanza na sailensa, maana kila mtu anaanza na sailensa. Kuna jamaa wa kuchomelea pembeni ya barabara, nikamwambia nataka bomba la inchi mbili na nusu kuanzia mbele mpaka nyuma, na masega, kile kichujio cha moshi ndani ya bomba, toa. Akatoa. Akaomba abaki nayo, mi nikaona kanisaidia kutupa uchafu, kumbe kwenye masega kuna madini watu wananunua kwa hela nzuri tu, hilo nalo nikalijua baadaye. Gari ikawa inalia kama bodaboda kumi zimefungwa kamba moja. Nikapita mtaani dirisha wazi, kitoto kikaniangalia, nikajisikia vizuri mno. Jirani yangu mzee mmoja akaniuliza kama gari imeharibika, nikamwambia hapana mzee nimeiboresha, akasema "aaa", akaingia ndani.

Wiki iliyofuata kon filta, ile filta ya hewa nyekundu kama pia. Nikatupa boksi lote la filta la kampuni na lile bomba lake linalochukua hewa mbele karibu na taa, nikafunga pia yangu katikati ya injini pale, inang'aa kweli, ukifungua boneti lazima watu waisifie. Na sauti ya kuvuta hewa inaisikia hata abiria.

Afu rimu. Inchi 16 na tairi za 195/50, wakati gari niliinunua na tairi za inchi 13, 165/70.

Jumla nimetumia kama laki tisa. Na hapo ndo ukaja ule ugonjwa wangu wa kupima vitu. Mimi kabla sijaanza haya yote nilikuwa nimepima gari, nikaenda Kigamboni kule mbele ya Kibada asubuhi ya Jumapili hamna mtu, simu kwenye dashibodi inarekodi video, gia ya tatu kutoka 40 mpaka 80. Sekunde 12 na nusu. Nikarudi baada ya sailensa na filta, barabara ile ile, mimi peke yangu, mafuta nusu tanki. Karibu sekunde 13. Nikasema nimekosea, nikarudia mara nne. Kumi na tatu. Baada ya rimu ndo usiseme, kumi na nne.

Yaani nimelipa laki tisa gari ipungue nguvu. Na naapa ukinikalisha kwenye ile gari bila saa ningekwambia inakimbia kuliko mwanzo, maana masikio yanashangilia muda wote.

Ikabidi nikae chini nifikirie, na sababu kiukweli hata hazijajificha. Injini ndogo inategemea moshi utoke kwa kasi kwenye bomba, ile kasi ndo inasaidia kuvuta moshi unaofuata utoke kwenye silinda, sasa ukiweka bomba pana kama la lori moshi unatembea taratibu na zile nguvu za chini, za resi (mizunguko ya injini kwa dakika) elfu mbili elfu tatu ambazo ndo unazitumia kila siku, zinapotea. Filta nayo inavuta hewa iliyoko chini ya boneti. Dar mchana nje ni nyuzi 30, chini ya boneti kwenye foleni ni 60 au zaidi, na hewa ya moto ni nyepesi, kutoka 30 kwenda 60 unapoteza karibu asilimia tisa ya hewa kwenye kila mvuto. Lile boksi baya la plastiki nililolitupa lilikuwa linavuta hewa ya nje, ya baridi! Wale wahandisi wa Toyota hawakulipeleka bomba mbele kwa sababu walikuwa na plastiki ya ziada.

Na rimu ndo hesabu ya darasa la saba. Tairi ya zamani kipenyo chake kama milimita 561, mpya 601, asilimia saba zaidi. Maana yake umerefusha gia zako zote kwa asilimia saba bila kufungua giaboksi, kila gia imekuwa nzito, na rimu zenyewe ni nzito na uzito wa kitu kinachozunguka unausikia kuliko uzito uliokaa tu. Afu spidomita haijui kama umebadilisha tairi. Ikisema 50 wewe unaelekea 53 na kitu. Na wazee wa tochi, trafiki wa kupima spidi, hawasomi dashibodi yako, elfu thelathini ililipwa pale Chalinze na sikuwa na cha kujitetea.

Baada ya hapo ndo nikapelekwa kwa yule mzee.

Gereji yenyewe iko Tabata, chini ya mwarobaini, haina bango. Mzee ana miaka labda 65, anavaa miwani ya kusomea imefungwa kamba shingoni. Nikafika nalia na bomba langu, akasubiri nizime, akazunguka gari mara moja, akafungua boneti akaiangalia pia yangu nyekundu kwa muda mrefu kidogo. Akauliza, "Kijana, unataka nini?" Nikamwambia mzee nataka gari iwe na nguvu, nikaanza kumtajia turbo, Glanza, kem, akaniacha nimalize yote. Kisha akasema tuanze na plagi.

Akazitoa nne, akazipanga kwenye kitambaa juu ya bampa kwa mpangilio wa silinda, moja, mbili, tatu, nne. Tatu kati ya hizo ncha zake zilikuwa na rangi ya biskuti. Ile ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi ti, masizi matupu, ukigusa unabaki na kidole cheusi. Hakusema kitu. Akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili petroli isimwagike ndani, akaleta geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa, akaifunga kwenye tundu la kwanza, akaniambia nikae kwenye usukani nikanyage mafuta mpaka chini nipige stata mpaka aseme basi. Injini ikazunguka ile kavu kavu, chu chu chu chu. Basi. 160 psi. Ya pili 160. Ya tatu sindano ikapanda ikachoka, 90. Ya nne 155.

Akachukua sirinji ya hospitali, akavuta oili kidogo, akaimimina kwenye silinda ya tatu, tukapima tena. 95. Hii kitu naipenda sana kwa hiyo ngoja niieleze vizuri. Kama ringi za pistoni ndo zimeisha, ile oili inaziba nafasi kwa muda na sindano inaruka, labda 130, labda 140. Ikibaki pale pale ujue upepo hautokei chini, unatokea juu, valvu haifungi sawasawa. Kipimo cha dakika kumi, sirinji ya mia tano, na unajua kama unafungua hedi tu, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, au unashusha injini nzima.

Mzee akafuta mikono. "Wewe una injini ya silinda tatu na abiria mmoja."

Nikakaa kwenye tofali pale chini ya mwarobaini. Nilipiga hesabu ya laki tisa zangu taratibu kabisa.

Na haikuishia hapo, maana akiwa anaishusha hedi akafika kwenye themostati. Haikuwepo. Hili jambo lazima nilisemee, maana naamini nusu ya magari ya Dar yanatembea hivi na wenyewe hawajui. Kuna imani kwa mafundi wetu wengi kwamba hii nchi ya joto themostati ya nini, gari ikichemsha kidogo tu cha kwanza inatolewa na kutupwa, na feni ya rejeta inaungwa dairekti ukiwasha switchi inazunguka mwanzo mwisho, na ndani ya rejeta badala ya kulanti ni maji ya bomba. Gari haichemshi tena, mteja anafurahi. Ila themostati kazi yake sio kupoza, ni kuhakikisha injini inafika joto lake, nyuzi themanini na kitu, na inabaki hapo. Ukiitoa, injini inatembea na ubaridi, hasa ukiwa barabara kuu, sensa inaripoti kwa kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, kwamba injini bado ya baridi, na kontroli boksi kwa utiifu wake inaongeza petroli kama ya asubuhi. Kila siku, safari nzima. Petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, masizi yanajaa, na wewe unasema Starlet siku hizi zinakula mafuta.

Nani aliitoa? Fundi wangu wa zamani, huyo huyo niliyemsifia kwa miaka mitatu kwa kuniponyea gari kuchemsha.

Mengine nayapitia haraka. Filta ya petroli haijawahi kubadilishwa tangu gari ishuke melini, nadhani. Oili iliyokuwemo ni nzito, 20W-50, kwenye injini iliyotengenezewa nyepesi. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa inang'ang'ania, ukinyanyua gari na jeki tairi halizunguki kwa mkono, yaani natembea huku nimeshika breki siku zote. Upepo wa tairi hausemeki. Na kwenye buti kulikuwa na boksi la muziki, spika mbili za inchi 12 na mbao zake, tukalipima kwenye mizani ya muuza mkaa jirani na gereji, kilo 35.

Valvu zikasagwa, hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, themostati mpya, kulanti, feni ikarudishwa kwenye switchi yake, plagi, filta, oili 10W-30, sandarusi la nati zilizobaki nikakabidhiwa mwenyewe. Boksi la filta la kampuni tulilipata la mtumba Ilala na bomba lake. Bomba la sailensa likarudi kwenye upana wa kibinadamu. Rimu nikauza, nikachukua za inchi 14 nyepesi zenye tairi ambazo kipenyo kinakaribiana na za mwanzo. Kazi nzima ilikuwa bei rahisi kuliko ile sailensa na rimu.

Jumapili nikaenda Kigamboni. Sekunde tisa.

Nikarudia nikidhani nimekosea, tisa. Kutoka kumi na nne. Hakuna kitu hata kimoja kilichoongezwa kwenye hiyo gari, farasi ni wale wale wa kiwandani, walikuwa wametoroka mmoja mmoja kupitia kila tundu na mzee kawarudisha zizini. Na mafuta, nilikuwa napata kilomita kumi kwa lita nikibahatika, sasa hivi kumi na nne mjini humu humu na foleni zake.

Kuna kitu niliruka kule mwanzo. Nilisimulia tulivyopanda Kitonga, sikusimulia tulivyoshuka.

Siku tunarudi Dar asubuhi, gari ile ile imejaa, tumeanza kuteremka nikiwa gia ya tatu kwa sababu nilikuwa mjinga, nagusa breki kila kona. Kama nusu ya mteremko nikaanza kusikia harufu, ile ya kitu kama nywele zinaungua, wife akasema kuna lori linaungua mbele. Nikakanyaga breki, pedo ikashuka zaidi ya kawaida. Nikakanyaga tena ikashuka mpaka karibu na kapeti, laini, kama unakanyaga sponji. Mbele kuna semi trela. Nikashusha pili, injini ikapiga kelele, nikashusha kwanza ile kwa kulazimisha mpaka watoto wakarushwa mbele, hendibreki nayo navuta taratibu, tukasimama pembeni kwenye kokoto, nyuma ya lile trela kama mita nne. Tairi la nyuma kushoto linatoa moshi. Tulikaa pale dakika arobaini. Shem safari hii hakutania, alishuka akakaa kwenye jiwe akawa anaangalia bondeni tu.

Sababu nilizielewa kwa yule mzee. Ile breki iliyokuwa inang'ang'ania ilishapasha kila kitu joto kabla hata mteremko haujaanza, na mafuta ya breki yalikuwa ya zamani. Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka. Ile DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishakunywa maji inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea, ndo ile sponji. Sasa mimi natumia DOT 4 ambayo mpya inaanzia 230, nabadilisha kila miaka miwili, diski za mbele mpya, brekipedi nzuri, liningi mpya nyuma. Glanza ina diski za mbele nene zenye uwazi katikati wa kupitisha hewa, nilizitafuta sana pamoja na kalipa zake, bei niliyotajiwa nikaona bora nizidi kutumia gia. Kwa hiyo mtu akinifata leo akisema bro nataka kuongeza nguvu kwenye Vitz yangu, Passo yangu, namuuliza mafuta ya breki ulibadilisha lini. Wananiona mzee.

Ila mdudu wa nguvu hafi kwa kurudishiwa sekunde tisa, anashiba wiki mbili tu.

Turbo niliifikiria sana, siwezi kudanganya. Na ukiangalia mlima ndo unazidi kuitamani, maana injini ya kawaida inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu unazopanda, hewa inapungua, na Iringa iko juu zaidi ya mita 1500. Farasi 85 wakifika Iringa wamebaki kama 72. Turbo inasukuma hewa yenyewe, haisikii sana mwinuko. Na kuna watu wanachukua 4E ya kawaida kama yangu wanaifunga turbo ya Glanza juu yake. Ila injini ya Glanza, 4E-FTE, sio 4E iliyofungwa turbo tu, mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, umepunguzwa mpaka 8.2 wakati ya kwangu ni 9.6, na pistoni zake na mafuta yake vimepangwa kwa ajili hiyo. Ukisukuma hewa kwenye mgandamizo wa 9.6 bila kontroli boksi inayojua kinachoendelea, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, kagonga kenyewe kadogo tu kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, usipokasikia umeisha. Mshkaji wangu mmoja wa Mbezi alifunga hivyo hivyo. Ilikwenda vizuri mno kwa siku kumi na moja, alikuwa ananipigia simu kila jioni. Pistoni yake ya pili iko kabatini kwake mpaka leo, ina tundu, kidole changu cha shahada kinapita.

Mzee alipoona nimekuja tena na stori za turbo akaniuliza kama naijua Raum. Naijua mzee, ya kina mama. Akasema fungua boneti yake siku moja.

Raum ile ya zamani, ya mlango wa nyuma unaovutwa, ina 5E-FE. Ni ndugu wa tumbo moja na 4E. Silinda zina upana ule ule, milimita 74, tofauti ni urefu wa safari ya pistoni, 77.4 kwenye 4E na 87 kwenye 5E, na hiyo tu ndo inayotoa cc 1331 mpaka 1497. Farasi hawaongezeki sana, labda kumi, ukiandika kwenye karatasi hata haipendezi. Kinachoongezeka ni mvuto wa chini, ile gari kukubali kwenda kwenye resi elfu mbili bila kulia, na kwenye mlima ndo unachokitaka. Inakaa kwenye nafasi ile ile, inashika giaboksi yangu ile ile.

Tuliipata injini Gerezani, mtumba wa kutoka Dubai. Mzee alikuja na geji yake mfukoni. Muuzaji akakasirika kidogo, "mzee injini hii imetoka kwenye gari inatembea", mzee akamwambia naamini mwanangu, nipe betri. Ya kwanza tukaikataa, ya pili ikasoma juu ya 170 zote nne. Milioni moja na laki moja baada ya kubishana mpaka adhana ya alasiri. Kufunga ilichukua siku tatu, vitu vingi vya 4E vilihamia kwenye 5E ili wayaringi na kontroli boksi yangu visishangae, klachi tukaweka mpya kwa sababu ya zamani isingevumilia. Na usisahau kadi, namba ya injini na cc ziko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna kwenda kukaguliwa na kuna kwenda TRA, na bima wajue. Watu wengi wanaruka hapo, siku ya ajali ndo wanajua.

Kigamboni, sekunde saba na nusu. Sauti? Haina sauti. Jirani yangu yule mzee aliniambia hongera naona umeitengeneza.

Mwezi wa sita tukaenda tena Iringa, tukampeleka shem. Kitonga nilianza nayo gia ya tatu, AC nimezima pale chini maana kwenye injini ndogo kompresa yake inakula farasi wa kutosha, na tukapanda na gia ya tatu, kwenye zile kona kali ya pili, kisha ya tatu tena. Hatukumpita mtu kihuni, mistari ipo na malori yapo. Ila kuna sehemu barabara ilifunguka, nikakanyaga, ikaenda. Nikaangalia kwenye kioo cha ndani, shem kalala mdomo wazi. Safari nzima ya mlima. Sikuwa na shahidi.

Kurudi tukashuka na gia ya pili taratibu, breki nagusa kidogo naachia, hakuna harufu wala nini, tukafika chini Ruaha Mbuyuni salama na pale si unajua, vitunguu vimepangwa barabarani kilomita nzima. Wife akasema simama. Nikasimama nikijua ni ndoo moja. Akashuka, akaongea na wale mama, akacheka nao, nikaona kijana anakuja na gunia kichwani, limejazwa lumbesa mpaka juu lina kofia.

Nikamwambia mama watoto hilo ni zaidi ya kilo mia, mimi nimetoa spika za kilo 35 kwenye hii gari. Akasema, "Si ulisema ina nguvu?"

Shem alibaki Iringa kwa hiyo siti yake ilikuwa wazi. Tulilivisha gunia mkanda. Springi za nyuma zikakaa, taa zikawa zinamulika juu ya miti, Mikumi tukapita jua linazama tukiwa nyuma ya basi, na gari mpaka leo ukifungua mlango inanuka vitunguu.